Kibali cha Ng'ombe Watatu

Watu hapa Tanga huniuliza kwa nini nilirudi Uganda baada ya kuikimbia, nami huwajibu kwamba nilikwenda kuokoa karatasi. Wanacheka. Wangecheka zaidi wangejua kwamba karatasi hiyo niliiua mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, tena kwa mwandiko mzuri.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nilikaa Jinja miaka tisa, nikamwoa huko mwanamke wa Kigisu, Nambozo, na kwa ajili yake nikapewa kibali cha kuishi, kimeandikwa wazi: mume wa raia. Kisha vita vikakaribia. Kiswahili changu, ambacho hapa kwetu ni cha kuombea chumvi kwa jirani, kule ni lugha ya jeshi, na kila upande ulionikuta njiani uliniona askari wa upande wa pili. Nikakimbilia Tanga kwa wiki mbili, nikakaa miaka minne. Mwaka wa pili nikaletewa maneno kwamba Nambozo anaonekana na dereva mmoja wa lori. Sikuuliza. Nilichukua kalamu nikamwandikia talaka, nikaituma kwa posta, na hata nukta sikusahau. Baadaye nikajua kuwa dereva yule ni mjomba wake. Hasira hasara, lakini posta haina kurudi nyuma.

Ndipo ikaja barua ya Musa, mshonaji wa Jinja aliyenitunzia vifaa vyangu. Vita upande wao vimekwisha, aliandika, na wageni wote wanaandikwa upya. Asiyejitokeza kabla ya mwezi kwisha anafutwa. Nilifungasha siku ileile. Tanga ina fundi kila mtaa na kila fundi ni binamu yangu, ana ushauri wa kunipa. Jinja nilikuwa mtu. Kuanzia Masese ziwani hadi Kimaka kwa wanajeshi, cherehani ikikwama, watu walisema, "Mwite Fundi," na hawakuhitaji kuongeza jina. Nilitaka kurudi kuwa mtu huyo.

Siku ya tatu ya safari, saa nne asubuhi, nilivuka mpaka Malaba, na jioni nikawa Jinja. Mji ulikuwa umekonda. Barabara kuu ilikuwa na mashimo ya kutosha kufugia bata, na rangi ya maduka ilikuwa imebaki pale tu mkono wa mtu usipofika. Lakini askari walikuwa wanakunywa chai hotelini na kuilipia, jambo ambalo liliwatia wenye hoteli wasiwasi mkubwa. Musa alinikumbatia, akanionyesha kisanduku changu cha bisibisi. Nafasi yangu barazani pake ilikuwa wazi bado.

Asubuhi yake nilikwenda ofisi ya vibali. Viti vilikuwa vimeporwa, madirisha pia, hata swichi ya taa, lakini faili langu lilikuwepo. Afisa alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye meza isiyo na droo. Alilisoma faili akiwa amesimama, nami nimesimama.

"Hii karatasi yako imekufa mara mbili, bwana," alisema. "Moja, wewe nakaa nje miaka ine. Mbili, wewe naacha bibi."

"Nilikimbia vita."

"Vita gani? Hapa vita ilikuwa mingi. Andika ile ulikimbia."

Nikaiandika. Akaisoma, akatikisa kichwa. "Hiyo hata mimi nalikimbia, naenda Kisumu. Hiyo nasamehe. Rakini hii?" Akatoa talaka yangu. Nambozo alipoulizwa na ofisi mumewe yuko wapi, aliwapelekea barua yenyewe, basi. "Mwandiko muzuri sana," afisa alisema, na alikuwa hatanii.

Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe mtu yule alikuwa na huruma, na huruma ya afisa ina kanuni zake. Talaka hii, alinieleza, ni ya dini yako, lakini bibi ni Mugisu. Kama kwao wanasema wewe bado ni mkwe, basi kwa mila ndoa ipo. "Leta balua ya baba yake. Akisema uko mukwe, mimi nagonga muhuri."

Kesho yake alfajiri nilisimama barabarani kutafuta gari la Mbale, kwao Nambozo, alikorudi wakati wa vita. Likaja lori la magereza. Nilimsalimu sajenti aliyekaa mbele, naye aliposikia Kiswahili changu akaruka chini, akasimama wima. "Afande! Panda mbele, mimi nakaa nyuma." Nilijaribu kumwambia mimi ni fundi wa cherehani, lakini kila nilivyoeleza kwa ufasaha ndivyo alivyozidi kuniheshimu. Kwenye vizuizi vya njiani hatukukaguliwa hata mara moja. Lugha iliyonifukuza nchini sasa ilinibeba bure hadi Mbale, nami nikaamua kutoilaumu tena.

Saa saba mchana tuliuona mlima wa Wanale umeukalia mji, maji yakichirizika kwenye majabali. Niliteremkia Namatala. Baba yake Nambozo, Mzee Mafabi, askari magereza mstaafu, alikuwa amehamia hapo baada ya wavamizi wenye bunduki kusomba ng'ombe wa kijiji kizima, na wa kwake wakiwemo. Kutoka boma lenye zizi sasa alikuwa na vyumba viwili vya kupanga na benchi.

Wa kwanza kuniona alikuwa mama mkwe. Alikuwa anaosha malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa kwa karanga. Aliacha beseni, akajifunika kichwa, akakimbilia nyuma ya nyumba. Msomaji wa Tanga atasikitika, lakini mimi moyo wangu ulicheza ngoma. Kwa Wagisu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Miaka sita ya ndoa yangu nilimjua mama yule kwa kisogo. Kama bado ananikimbia, basi bado ni mkwe.

"Karibu, mukwe," Mzee Mafabi alisema, na alinijibu kabla sijamaliza kueleza. "Talaka ni karatasi. Sisi tunajua ngombe. Ngombe yako tatu ya mahari ilikuja kwangu. Ikirudi kwako, ndoa imekwisha. Sasa mwizi amechukua, haiwezi rudi. Basi wewe uko mukwe yangu mpaka huyo mwizi alete."

Sijawahi kusikia sheria tamu kama hiyo. Aliomba kalamu yangu, akaandika barua kwa herufi kubwa za gerezani: huyu ni mkwe wetu, ng'ombe hawajarudi. Akaiweka kwenye benchi wino ukauke.

Nambozo alirudi saa kumi kutoka zahanati anakofanya usafi. Alikuwa amepungua, na mvi mbili tatu zilikuwa zimetokeza mbele. Aliisoma barua ile akiwa amesimama, akairudisha mahali pake kwa uangalifu.

"Fundi," alisema, "kuna mwalimu anataka kunioa. Mwaka wa pili sasa. Wazee wake wanakataa. Wanasema hawawezi kuleta ng'ombe juu ya ng'ombe ya mtu."

"Ni mtu mwema?"

"Huwa anauliza kwanza."

Hilo liliniingia penyewe.

"Wewe uliniacha na kalamu, hukuniuliza kitu," akaendelea. "Mimi ninakuuliza. Hizo ng'ombe umezipata ama hujazipata?"

Nitasema kweli, kwa kuwa nawaandikia watu wa nyumbani ambao wananijua. Nilitaka ile barua. Nilitaka kuikunja, kuitia mfukoni na kurudi barazani kwa Musa, na mwalimu atafute mke kwingine. Nilijiambia kwamba si mimi niliyeiba ng'ombe. Nilijiambia kwamba mila ni mila. Nilijiambia mengi, chai niliyopewa ikapoa, na Nambozo hakuniomba mara ya pili. Alikaa chini akachambua malewa yaliyoachwa na mama yake, na mikono yake ilikuwa imechanika kwa sabuni ya zahanati. Mimi ndiye niliyemwacha mwanamke yule peke yake katikati ya vita, kisha nikampelekea nukta na mkato.

"Mzee," nikasema, "ng'ombe wangu nimewapata."

"Wapi?"

"Hapa. Leo. Wote watatu."

Mzee Mafabi amesikiliza maungamo ya wezi kwa miaka mingi, na anajua uongo unavyonuka. Aliita majirani wawili wawe mashahidi, akaichana barua ya kwanza, akaandika ya pili: ng'ombe watatu wamepokelewa na mwenyewe, ndoa imekwisha, hakuna madai. Nikatia sahihi. Nambozo alisema, "Asante, Fundi," akaingia ndani haraka.

Mama yake akatoka nyuma ya nyumba. Hakuwa amejifunika. Alinijia moja kwa moja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama anavyosalimiwa mgeni yeyote, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Kumbe uko mufupi hivi," alisema.

Alinipakulia chakula kwa mkono wake. Kilikuwa kitamu, na hapo ndipo nilipoachika.

Siku ya sita nilikuwa tena mbele ya afisa wa Jinja. Aliisoma barua, uso ukamshuka.

"Bwana, mimi nakutuma ulete dawa, wewe naleta sumu." Akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Hiyo ngombe wewe naliona na macho yako? Sema hukuona. Mimi naandika 'bado', nagonga, unaenda kazi."

Muhuri ulikuwa mkononi mwake. Neno moja tu lilitakiwa.

"Niliwaona," nikasema.

"Rangi?"

"Mmoja mweupe, pembe ya kushoto imepinda. Mmoja mwekundu, ana kovu begani. Wa tatu mweusi, mtulivu sana." Ndivyo walivyokuwa siku ile nilipowaswaga mwenyewe hadi bomani, nikiwa kijana aliyefanya kazi mwaka mzima kuwapata.

Aliandika yote, rangi, pembe na kovu, kisha akanipa siku saba za kuondoka. Musa alilia waziwazi. Mimi nililia nilipokuwa nafunga kisanduku cha bisibisi, nikasingizia vumbi.

Nimejifunza nini? Kwamba kibali cha kukaa katika nchi ya watu kinaweza kuning'inia kwenye kitu usichokuwa nacho, na bado kukitoa kukakuuma. Na kwamba anayetaka kuandika talaka aanze kwanza kuuliza habari za dereva.

Malaba, adhuhuri ya siku ya mwisho, askari wa forodha alipekua mzigo wangu mpaka akaifikia barua ya Mzee Mafabi. Aliisoma mara mbili, akachungulia barabara nyuma yangu.

"Hapa nasema wewe napata ngombe tatu. Iko wapi? Kutoa ngombe nje lazima kibali."

"Sitoki nao, afande. Nimewatoa zawadi ya harusi."

"Harusi yako?"

"Ya mke wangu."

Alinitazama, akaikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia kwa mikono miwili. "Pita, bwana," akasema, na akainua kizuizi.