Aliyepiga Kelele Shimoni

Mjukuu wangu hufinyanga kikombe ambacho hata ukifumba macho, mdomo wako unajua wenyewe mahali pa kunywea. Sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu. Nimefinyanga tangu nikiwa msichana, na mimi mwenyewe sijawahi kutoa kitu kama hicho. Vyangu ni vyungu vya maua na mitungi, vitu vizito vya kukaa chini, vinavyouzwa kando ya Ngong Road huku vumbi la magari likivipaka mpaka hujui ni udongo au ni simiti. Vyake vinakaa mezani kwa matajiri wa mtaa wa Karen. Bakuli za supu, sahani, vikombe vya kahawa. Vinaoshwa, vinatumiwa tena, na mgeni akija vinatolewa mbele.

Nayaandika haya kwa sababu mtoto huyo aliitwa muuaji, na wako wanaomwita hivyo hata leo. Mimi ni mzee. Nikiondoka, nani atawajibu?

Nilikuja Nairobi kutoka magharibi ya nchi nikimfuata mume aliyekuwa akifanya kazi ya mjengo. Mume alikufa, mimi nikabaki Mutuini, kwa sababu bondeni kulikuwa na udongo na udongo ndicho kitu pekee nilichosomea. Shule ya watu nilitoka mapema. Pale bonde lilipokatika, juu kuna udongo mwekundu wa kupanda sukuma wiki, usiofaa kitu kwa mfinyanzi. Ule mzuri, wa kijivu, unaoteleza kama sabuni, uko chini yake. Kwa hiyo huchimbi kwenda chini kama mtu anayechimba choo. Unaingia ubavuni, unakula chini ya ule mwekundu, mpaka unajikuta umeinama na ukuta mzima umekuning'inia mgongoni. Tumechimba hivyo miaka na miaka, nyumba za kupanga zikiota juu yetu moja baada ya nyingine.

Tulikuwa wanawake wachache, wote wa kutoka magharibi, na mkubwa wetu alikuwa jirani yangu, mjane kama mimi. Nilimwita dada. Alikuwa mwembamba, mkali, na vyungu vyake havikuvuja hata kimoja. Yeye ndiye aliyeshika sheria ya shimo, ile tuliyotoka nayo nyumbani: kwenye udongo hakuna kuongea. Ukishavuka jiwe lililo juu ukingoni mwa shimo, mdomo unafungwa. Ukitaka jembe unaonyesha kwa kidole. Ukitaka kupumzika unakaa. Udongo ukisikia kelele unabeba hiyo kelele ndani yake, na siku ya kuchoma unaitoa, vyungu vinapasuka. Simu tuliziacha juu kwenye jiwe. Siku moja mwenzetu alisahau yake mfukoni, ikalia akiwa ameinama kule ndani. Dada alimnyang'anya jembe bila neno, akamwonyesha njia ya kwenda kwake. Mama mzima alienda nyumbani kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Lakini nje ya shimo, huyo mwanamke alikuwa na mdomo! Yeye alimwita mjukuu wangu "mke mwenzangu", kama nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, naye msichana akamwita Shosho, yaani nyanya, kama anavyoniita mimi. Msichana alianza kwa kufagia karakana ya mama mmoja wa Kihindi kule Karen, akajifunza gurudumu la kufinyangia kwa kuangalia, na yule mama alipomwona akampa kiti chake. Siku aliyoleta kikombe cha kwanza nyumbani, dada alikishika mkono wa kikombe, akakigeuza.

"Mke mwenzangu, hii kitu iko na sikio kubwa kuliko ya punda. Nani anakunywa chai na punda?"

"Shosho, hiyo ni ya watu wa Karen. Vidole vyao ni nono."

"Na mimi mwenye vidole kama njiti?"

"Wewe kunywa na kibuyu."

Akacheka mpaka akakohoa. Kile kikombe hakukirudisha. Alikinywea uji kila asubuhi, na akija kwangu alikisema vibaya.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, asubuhi jua likatoka. Mjukuu wangu hakuwa na kazi, akaja kuchukua udongo wetu, maana alikuwa anauchanganya kidogo na ule wa kununua, na vikombe vyake vikitoka motoni vinakuwa na madoa kama yai la kanga. Watu walivipendea hayo madoa. Sisi wawili tulikuwa chini, dada ndani kabisa, mimi mlangoni nikimpokea na kujaza. Msichana alikuwa juu akivuta magunia kwa kamba. Wengine walikuwa upande wa pili wa shimo. Kimya. Unasikia tu jembe na pumzi.

Halafu nikasikia sauti ya mjukuu wangu.

"Shosho! Tokeni! Tokeni! Inakatika! Tokeni!"

Magoti yangu ni mabovu, kupanda kitanda ni kazi. Sijui nilitokaje pale. Nakumbuka nimetupa jembe, nakumbuka nyasi mkononi, basi. Nyuma yangu haikulia kishindo kikubwa, watu wasiwadanganye. Ililia kama mtu mzito amekaa kwenye godoro. Nilipogeuka, mahali tulipokuwa hapakuwa mahali.

Tulichimba kwa mikono. Vijana wa mjengo walishuka na sepetu zao kutoka zile nyumba mpya. Walimtoa. Alikuwa amekufa, na mdomo wake ulikuwa umejaa ule udongo wa kijivu. Nilimsafisha kwa kidole kabla binti yake hajafika, kwa sababu hakuna mtu anayefaa kumwona mama yake hivyo.

Jioni yake matanga yalikuwa yameshaanza, na kwenye matanga maneno hayangoji chai. Wale wenzetu walikaa kwenye mkeka mmoja.

"Miaka yote hiyo udongo umetuvumilia," mmoja akasema. "Leo ndiyo mtu amepiga nduru."

"Ni huyu wa Karen."

"Kelele ndiyo iliangusha ukuta. Alimwua."

Nikasimama. "Alipiga kelele kwa sababu aliona ufa nyuma ya miguu yake! Na mimi je? Mbona mimi niko hapa nakunywa maji?"

"Wewe ni damu yake," yule wa kwanza akanijibu, bila hata kuniangalia. "Udongo ulichukua asiye wa damu yake."

Msichana alikuwa mlangoni ameshika sinia la vikombe. Aliliweka chini polepole, akaenda.

Tangu hapo hakusema neno. Hakulia pia. Aliingia bafuni na brashi ya kufulia, akasugua mikono mpaka ngozi ya vidole ikatoka damu. Karen hakwenda. Yule mama wa Kihindi alipiga simu nikashika mimi. "Mama, mwambie nimefunika kazi yake na plastiki," akasema. "Lakini haiwezi kungoja sana, itakauka kabla hajaweka mikono ya vikombe." Nikamwambia msichana. Akageukia ukuta. Niliogopa kuliko nilivyoogopa shimoni. Mtu wa udongo akiacha udongo kwa namna ile, harudi. Nimewaona. Wanauza mitumba, wanafua nguo za watu, na ukiwauliza walikuwa wakifanya nini zamani wanasema hawakumbuki.

Sisi tulikuwa na desturi yetu hapo Mutuini: mfinyanzi akifa, mwenzake anamfinyangia chungu, naye marehemu anakwenda nacho kaburini. Nikangoja wale wenzetu waanze. Hakuna aliyeanza. Walisema udongo umekasirika, usiguswe. Basi nikaweka ubao chini, nikafungua gunia lililovutwa juu asubuhi ileile aliyokufa dada, nikamwita mjukuu wangu.

"Finyanga."

Akatingisha kichwa.

"Nitafinyanga mimi basi."

Vidole vyangu siku hizi havikunji. Nilisokota kamba ya udongo ikakatika. Nikasokota nyingine, ikawa nene huku, nyembamba kule. Nikaijenga hivyo hivyo, ukuta ukaanza kulala upande kama mlevi. Yeye alikuwa amekaa kitandani akiangalia. Nilipofika katikati chungu kikakaa chini chote, kikawa kinyesi cha ng'ombe. Nikaanza tena. Sikumwangalia. Mara nikahisi nyonga inanisukuma.

Alikaa mahali pangu. Hakutumia gurudumu, hakulihitaji. Alijenga kwa mkono, kwa namna ya dada, shingo nyembamba na tumbo la chini, akasugua kwa kokoto. Alifanya kazi mpaka sufuria ya maharagwe ikaungua na hakuna aliyeinuka kuiondoa. Kile chungu kilikuwa kizuri hata ukashindwa kukisema. Lakini mikono yake ilitetemeka muda wote, na alipomaliza alikwenda moja kwa moja kuchukua ile brashi.

Shida ni kwamba mwili ulikuwa unasafirishwa kwenda kuzikwa magharibi, na mvua ilikuwa imerudi. Chungu hakikauki kwa mvua. Ukikitia motoni kikiwa na maji kitalipuka. Nilimpigia yule mama wa Karen kuomba tanuri lake la umeme, akasema hapana, kitapasua na vya wengine vilivyomo. Alisema kwa upole, na alikuwa na haki. Mimi pia ningekataa. Tukabeba hivyo hivyo, kibichi.

Mochari asubuhi ya safari kulikuwa na manyunyu. Chungu kibichi hakipendi manyunyu, kinarudi kuwa matope. Msichana alikikumbatia ndani ya sweta, amekiinamia, anatembea kama mwenye mimba. Wale wenzetu walipotuona walisogea, mabega yakagusana. Gari la kubeba jeneza lilikuwa limeshafunguliwa nyuma.

"Hiyo kitu isikaribie jeneza," mmoja akasema.

"Tena ni bichi! Hata hawakuchoma!"

"Amekuja kumalizia."

Binti mkubwa wa marehemu alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari. Anauza vitambaa katika duka mjini, mwanamke nadhifu, na tangu msiba uanze hakuwa amenisalimia. Nilijua amesikia kila kitu. Aliwapita wale wanawake, akaja akasimama mbele ya mjukuu wangu karibu sana.

"Nataka kujua kitu moja. Mama alikusikia?"

Nilidhani msichana hatajibu. Nilishafungua mdomo nimjibie.

"Alinisikia," akasema. Sauti ilitoka imekwaruza.

"Unajua aje?"

"Alichungulia juu. Akaniangalia."

"Akasema nini?"

Msichana akaniangalia mimi. Halafu akanipa chungu, nikakipokea kwa chini. Akakunja uso. Akatokeza kidevu, akabana macho, mkunjo ukaingia katikati ya nyusi, akawa yule bibi mwenyewe. Na akaweka kidole kwenye midomo.

Hapo ndipo nilipojua. Mimi nilikimbia. Dada alibaki amesimama chini ya ukuta akimnyamazisha mtoto.

Binti yake akakitazama kile kidole. Halafu kitu kikamtoka kifuani, sikujua ni kilio au ni kicheko, naona hata yeye hakujua.

"Huyo ni mama," akasema. "Aki huyo ni mama. Nikizaa mtoto wangu wa kwanza, nilikuwa napiga nduru, alisimama hapo kwa mlango ya wodi akanifanyia hivyo hivyo. Hivyo hivyo! Mbele ya manesi!" Akajifuta na leso. Akawageukia wale wenzetu. "Mama aliambiwa atoke. Hakutoka. Nani asiyemjua? Sasa mniachie huyu mtoto."

"Lakini sheria ya shimo..." mmoja akaanza.

"Sheria ndiyo iko kwa jeneza hapo."

Akanyoosha mkono kuchukua chungu, na kama mtu yeyote asiye wa kazi hii, akakishika ukingoni mwa mdomo wake. Kipande kikabaki mkononi mwake. Akashtuka, akaanza kusema pole, pole, mimi jamani. Mjukuu wangu akamchukulia kile kipande. Akatema mate kidoleni, akalainisha pale palipokatika, akakirudisha, akabana, akapitisha dole gumba ndani na nje. Manyunyu yalikuwa yanatuangukia sote. Alifanya taratibu, kama hakuna mtu, na niliangalia ile mikono yenye makovu ya brashi. Haikutetemeka.

"Shika kwa matako yake," akamwambia yule binti. "Hapo. Mikono miwili."

Yule binti alisafiri nacho mapajani mpaka magharibi. Baadaye alituambia kiliwekwa juu ya kaburi, na mvua ya kule ilikimaliza kabla hata wageni hawajaondoka. Msichana alisema ni sawa.

Alirudi Karen. Vile vikombe vilivyofunikwa plastiki vilikuwa vimekauka, akavivunja, akaanza vingine. Siku hizi havina madoa ya yai la kanga, kwa sababu udongo wa bonde hataki kuusikia, na wateja wanauliza mbona. Hawaambii. Hasemi mengi, huyu mtoto aliyekuwa akimjibu mzee neno kwa neno. Usiku mwingine namsikia akipumua kwa nguvu kama aliyekimbia. Lakini anafinyanga. Mimi niko hai na ninakula chakula changu kwenye sahani yake.

Wale wenzangu hawakuacha. Wakimwona njiani, wawili kati yao wanavuka upande wa pili, na wamewaambia wasichana wao wasimfuate Karen. Wamehamia ukingo mwingine wa bonde, chini kidogo ya nyumba mpya za kupanga, na wamekula ubavuni mpaka ule mwekundu umetokeza juu yao kama paa. Simu wanaacha juu. Mimi hupita pale nikienda dukani. Ninasimama pembeni, ninaangalia nyasi kama kuna ufa, halafu ninawaita kwa sauti yangu yote, majina yao, mmoja mmoja.

Ninaona migongo tu. Hakuna anayeitika.