Haidrenjia Niliyoipogoa Kama Majani Chai

Juzi hapa Mosocho, mpangaji mwenzangu alishika kisu akataka kupunguza matawi ya haidrenjia yangu, ua lililo mlangoni. Nilimkemea mpaka akaomba msamaha. Usicheke, rafiki yangu, nina sababu.

Nililelewa na nyanya kule Gesima, katikati ya majani chai. Alikuwa na haidrenjia moja tu, ndani ya mkebe wa rangi uliotobolewa chini kwa msumari. Asubuhi tuliitoa nje, kwenye kivuli cha mti wa avokado. Wingu likianza kuwa jeusi mchana, mbio ndani nayo, maana mvua ya mawe ya kwetu haina huruma. Ilikaa dirishani, nyumba ikinukia maharagwe, nasi tukiimwagilia maji tuliyooshea mboga.

Maua yake yalikuwa ya buluu, makubwa kama kichwa cha mtoto. Nyanya alikuwa ametangazia kanisa zima kwamba Sabato ya zamu yake ya kupamba meza, ataileta.

Sasa mimi, kichwa ngumu wa miaka tisa, nikaona vijiti vimerefuka ovyo. Kwetu chai ikirefuka hupogolewa ikawa sawa kama meza. Nyanya akiwa sokoni, nikachukua panga nikaikata yote bapa. Tena nikajisifu!

Aliporudi alishika kiuno. "Woi! Hii si chai, wewe! Maua hutoka kwenye vijiti vya mwaka jana!"

Nililia sana. Zamu yake ikafika, meza ikabaki tupu. Akina mama wa kanisa walipomuuliza, alijibu tu, "Mkebe wangu bado haujaamua." Jirani yetu akamcheka waziwazi, eti mzee alijisifia ua asilo nalo.

Hakukata tamaa, wala hakuniruhusu nikate. Mwaka mzima tuliibeba, ndani, nje, ndani, nje, yeye akihema na kushika magoti. Zamu iliyofuata ikaikuta imechanua. Magoti yalikuwa yamemshinda kabisa, kwa hiyo niliibeba mimi kichwani, na kutu ya mkebe wake, nikaiweka mezani mbele ya jirani yule yule. Ibada ilipoisha nilirudi mbio.

"Waliiona?"

"Waliiona, nyanya."

Akapangusa macho kwa ncha ya leso.

Siku hizi nyanya hayupo, nyumba ilibomolewa pamoja na dirisha lile, na meza ile huwekwa maua ya plastiki. Alizikwa bila kumwambia mtu yeyote ni nani aliyemwaibisha mwaka ule. Basi nasema mwenyewe: ni mimi.