Koti la Mzee Ishaka

Pikipiki iliposimama mbele ya baraza, Bi Tatu alikuwa anageuza vitumbua, na kijiti kikamponyoka kikazama kwenye mafuta. Kumbe bodaboda tu, kijana wa Dunda, kaja kununua vinne vya kula njiani. Bi Tatu akamfungia, akamtakia safari njema, akamfuata kwa macho mpaka alipokata kona. Ndivyo alivyokuwa tangu Alhamisi, siku aliyoletewa karatasi ya wito. Kila chombo chenye injini kikipunguza mwendo karibu na nyumba yake, alihisi kimemfuata yeye.

Na wala si mwanamke wa kuogopa ovyo. Kuanzia sokoni Bagamoyo mpaka njia ya kwendea Kaole wanamjua kwa mdomo wake. Ni Mkwere, mjane, umri wake hamsini na nane, na ukuta wa nyumba yake umegusana na ukuta wa Mzee Ishaka, Mnyamwezi ambaye babu zake walishuka pwani na mizigo mabegani, wakaoa hapahapa, wakazikwa hapahapa. Mnajua wenyewe Mkwere na Mnyamwezi walivyo watani. Miaka thelathini hawakuamkiana hata siku moja bila kutukanana kwanza.

"We mpagazi, bado hujarudi kwenu tu?"

"Nirudi nikuache na nani, Mkwere we? Ukisikia ngoma unakimbia na moto jikoni unauacha unawaka."

Mzee Ishaka alikuwa fundi saa, enzi watu walipokuwa bado wanavaa saa. Simu zilipomnyang'anya kazi akabaki na miwani yake, na koti la kaki lenye mifuko minne ambalo hakulivua hata mwezi wa Februari, jua la kupasua kichwa. Kila asubuhi alikaa kwa muuza kahawa akawasomea watu gazeti. Kusoma kwenyewe kulikuwa kidogo. Kujibu ndiko kulikokuwa kwingi. Anasoma mstari mmoja, anashusha miwani, anaujibu kwa dakika kumi.

Baada ya uchaguzi na vurugu zake, mtandao uliporudi na watu wakaanza tena kutoka kwenda barazani, wengi walizungumza kwa sauti ya chini, macho yakitazama barabarani. Mzee Ishaka peke yake ndiye aliyebaki na sauti yake ileile. Na aliyekuwa akiumia zaidi kuisikia ni mwanawe, Muhidini, katibu wa tawi la chama, aliyehangaika nyumba kwa nyumba mpaka diwani wao akapita bila kupingwa. Baba na mwana walikula sinia moja, kila mmoja akitazama upande wake.

Wiki ya nne baada ya kura, Mzee Ishaka alisali Alfajiri, akajinyoosha kidogo kitandani, hakuamka.

Sasa mtani naye ana kazi yake msibani, na Bi Tatu aliifanya yote. Jeneza lilipotaka kutoka alijilaza mlangoni: "Hatoki huyu mpaka aniage! Miaka yote ana mdomo, leo ndiyo anajifanya bubu?" Siku ya tatu, hitma ilipokwisha na watu wameshakula, akaingia chumbani kwa marehemu, akatoka na koti la kaki mwilini, miwani puani na gazeti la zamani mkononi. Akakaa kwenye kiti chake. Akakohoa kikohozi chake kile cha mara mbili. Watu wakaanza kucheka hata kabla hajafungua kinywa.

"Diwani wetu kapita bila kupingwa!" alisema kwa sauti ya Mzee Ishaka, ileile ya kuburuza. "Mimi nimeoa mara tatu, na mara zote tatu nilipingwa. Ya mwisho alinipinga bibi harusi mwenyewe. Huyu mwenzetu kapendwaje na kata nzima, hata mkewe asiwe na neno?"

Wanawake walishikana mabega. Wazee walifuta machozi kwa kofia zao.

"Aaa, hapa wanasema imeundwa tume ya uchunguzi. Niongezee kahawa, we kijana. Tume ikiundwa mimi nakaa kitako, maana leo siondoki."

"Rudia hiyo, mtani!" mtu akapiga kelele.

"Mtandao ulipofungwa mliniuliza, Mzee, sasa habari utazipata wapi? Mtaa mzima umefunga milango saa kumi jioni, mnataka nikasome habari gani tena?"

Hayo yote aliyasema Mzee Ishaka mwenyewe kabla hajafa, na hakuna aliyekaa pale asiyekumbuka siku aliyoyasema. Hapo ndipo Bi Tatu alipotakiwa kuinuka na kulivua koti. Lakini macho yake yalimwangukia Dija, aliyekaa karibu na mlango, kanga kaivuta mpaka kwenye nyusi, yeye peke yake hacheki.

Dija ni shoga yake. Mwanawe, Adamu, kijana wa miaka ishirini na minne, fundi rangi, alikwenda Dar kwenye kazi siku moja kabla ya kura, na tangu siku ile simu yake haipatikani. Dija amebisha kila mlango anaoujua, amerudi Bagamoyo visigino vya viatu vimeisha. Na kila asubuhi bado anakuja kununua vitumbua sita kama zamani. Vinne vya kwake na mjukuu, viwili vya Adamu. Bi Tatu anafunga sita, hasemi kitu. Hata Mzee Ishaka, aliyekuwa na jibu la kila jambo, Dija akipita alikuwa anakunja gazeti na kutazama kikombe chake.

Basi ndani ya koti lile, kwa sauti ileile ya marehemu, Bi Tatu akajikuta anasema: "Na Adamu wa Dija yuko wapi? Mbona hilo gazeti halina?"

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja akasema "Lahaula," basi. Bi Tatu akalivua koti haraka kama lililoshika moto.

Kosa lililofuata lilikuwa la mgeni mmoja, jamaa wa marehemu kutoka Msata. Alirekodi kwa simu, akatuma kwenye kundi la ukoo ili waliokosa mazishi nao wacheke. Ukoo ukacheka, ukatuma kwa mashemeji, mashemeji wakatuma kusikojulikana. Kufika Alhamisi video ilikuwa imeshazunguka nchi, imeandikwa chini yake kwamba mama wa Bagamoyo awasha moto. Huko ilikofika hakuna aliyejua habari ya mtani wala msiba wala koti ni la nani. Walimwona mwanamke kavaa koti la kiume, anamsema diwani na tume, anauliza kijana yuko wapi. Jioni ya siku hiyo mgambo akaleta wito: afike kwa mtendaji wa kata, Jumatatu saa nne.

Jumapili baada ya Alasiri Bi Tatu akajifunga kanga, akazunguka ukuta kwenda kwa Muhidini. Neno la mtani huwa halishikwi, lakini anayelitolea ushahidi ni mfiwa, na mfiwa ndiye huyu.

Muhidini alimwitikia toka ndani, akatoka, hakumkaribisha kukaa.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba mwanangu. Umesikia nimeitwa?"

"Nimesikia. Na mimi nimeitwa na chama. Umenivua nguo mbele za watu, Bi Tatu."

"Nimekuvua mimi au kakuvua baba yako?"

Muhidini akatazama ukutani. "Ya diwani aliyasema baba, tena chini ya dirisha langu, makusudi nisikie. Ya tume aliyasema. Lakini lile la mwisho, la Adamu..." Akamtazama usoni. "Baba hakulisema lile."

Bi Tatu akaikaza kanga yake kiunoni.

"Kesho utakuja?"

"Nitaona," alisema Muhidini, akaingia ndani.

Jumatatu vitumbua viliungua. Alipofika Dija, Bi Tatu alimfungia sita vilivyopona, akashindwa hata kumwambia anakokwenda. Saa nne kasoro alikuwa kwenye benchi la ofisi ya kata, mkoba mapajani, ndani yake dawa za presha, kanga ya kubadili na mswaki.

Mtendaji alikuwa kijana mstaarabu, mtu wa Mbeya, hana hata mwaka pwani. Alimkaribisha kiti, akaweka simu mezani, akamwonyesha video. Bi Tatu akajiona kakaa na miwani ya Mzee Ishaka, akataka kucheka, akajizuia.

"Huyu ni wewe, mama?"

"Ni mimi baba, lakini hapo nilikuwa marehemu."

"Ulikuwa nani?"

Akamweleza: Mkwere, Mnyamwezi, koti, kikohozi. Mtendaji alisikiliza huku anazungusha kalamu.

"Mama, kwetu msibani watu wanalia."

"Na sisi tulilia, mwanangu. Tulianza na kucheka ili kilio kitoke vizuri."

Mlango ukagongwa. Akaingia Muhidini, shati limepigwa pasi, jasho usoni. Hakumtazama Bi Tatu. Akamsalimia mtendaji, ambaye anamjua vizuri, akasema akiwa amesimama: "Mimi ndiye mfiwa. Huyu ni mtani wetu. Aliyoyasema pale ni maneno ya baba yangu, alikuwa anamwigiza. Hana kosa."

Mtendaji akamtazama. Kwa katibu wa tawi kusema hivyo haikuwa kazi ndogo. "Yote ni ya mzee?"

"Yote."

"Hata hili la huyo kijana, Adamu?"

Muhidini akapangusa jasho usoni. "Hata hilo. Andika ni ya marehemu. Yeye huwezi kumwita ofisini."

Mtendaji akashusha pumzi, akavuta karatasi. Ungeona uso wake ulivyopata nafuu. Kalamu ikaanza kwenda: utani wa msibani, maneno ya marehemu.

Bi Tatu alitakiwa kusema alhamdulillahi na kushika mkoba wake. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye mkoba. Lakini alikiona kitu kimoja wazi kabisa. Swali likiandikwa la Mzee Ishaka, litalala naye kaburini, kwa kuwa hakuna anayeandika barua kumjibu maiti. Na kesho asubuhi Dija atakuja kununua vitumbua sita.

"Subiri baba," alisema. "Hilo la Adamu usiandike hapo."

Muhidini akamkanyaga mguu, kwa nguvu.

"Hayo mengine ni ya mzee, na yakitakiwa nitayaigiza tena. La Adamu ni langu. Mzee Ishaka hakulisema. Nilijificha ndani ya koti lake. Sasa nimekuja bila koti, nauliza mwenyewe, na hapa simtanii mtu. Adamu wa Dija yuko wapi?"

Pangaboi lilikuwa likipiga kelele juu yao. Mtendaji akaweka kalamu chini.

"Mama, unajua ulikuwa umeshatoka hapa?"

"Najua."

Akaitazama karatasi aliyokuwa ameandika nusu. Kisha akavuta nyingine, nyeupe.

"Jina lake kamili?"

Bi Tatu hakujua kama anaulizwa kwa faida ya Adamu au kwa hasara yake mwenyewe. Akasema hivyohivyo. "Adamu Mikidadi. Fundi rangi. Ana kovu kwenye nyusi ya kushoto, aliangukia ngazi yangu akiwa na miaka sita."

Mtendaji aliandika. Karatasi zote mbili akazitia kwenye droo moja, akaifunga. "Nendeni. Nikikuhitaji nitakuita."

Waliandamana barabarani mpaka karibu na duka la saruji. Bi Tatu ndiye aliyeanza.

"Nisamehe mwanangu. Umenidanganyia, nami nimekuumbua."

"Hujaniumbua." Muhidini alisimama. Sauti yake ilikuwa imepungua, haikuwa ya katibu tena. "Baba alinituma, Bi Tatu. Mara mbili alinituma nikamuulizie Adamu kwa wakubwa ninaowajua. Akaniambia, hili silisomi barazani, hili nakuachia wewe. Sikwenda. Niliogopa kuonekana. Ndipo tulipoacha kusemezana. Nyinyi mlidhani ni siasa."

Bi Tatu alimshika mkono, kama anavyoshikwa mtoto wa kuvushwa barabara. Walipofika nyumbani akaingia ndani kwake, akatoka na koti la kaki alilobaki nalo tangu siku ya hitma, limekunjwa, amrudishie.

"Kaa nalo mpaka arobaini," alisema Muhidini. "Lakini usilifue. Bado lina harufu yake."

Asubuhi iliyofuata Dija alikuja kama kawaida. Bi Tatu alifunga sita, akaushika mfuko, hakuuachia.

"Shoga, nimelitaja jina lake jana. Limeandikwa."

"Limeandikwa wapi?"

"Ofisini kwa mtendaji. Sijui litakwenda wapi. Sitaki kukudanganya."

Dija hakulia. Alishika ule mfuko upande wa pili, wakabaki wameushika wote wawili, mpaka pikipiki iliposikika inapunguza mwendo. Bi Tatu akageuka. Ilikuja taratibu, ikasimama mbele ya baraza, dereva hakuzima injini. Nyuma akashuka Muhidini, kavaa shati lake la mikutano, bahasha tupu mkononi.

"Shikamoo Bi Dija," alisema. "Nakwenda Dar. Naomba picha ya Adamu."