Pikapu ya Osmund Iliyochuchumaa

Baba yake Osmund alizikwa wakati wa mvua, na hakuna dereva wa Songea aliyekubali kuingia kijijini kwao, huko upande wa Mpitimbi. Wakambeba kwenye machela ya miti, mguu huu unazama, mguu ule unateleza. Mara mbili machela ilianguka. Mama yake, Kunegunda, alikuwa anafuata nyuma, akaona yote.

Ndiyo maana Osmund aliponunua pikapu, miaka mingi baadaye, mama hakuomba khanga wala sukari.

"Baba yako aliangushwa njiani," alimwambia. "Mimi siku yangu ikifika, unifikishe na gari lako mpaka mlangoni. Sitaki kingine."

Osmund akaahidi. Na tuseme ukweli, alikuwa mtoto mwema. Kila Jumamosi akitoka mjini alipita kumwona, akipiga honi tangu pale kijitoni karibu na kwao, na mama akitoka nje anafuta mikono kwenye kitenge.

Lakini mtu mwema naye ana ugonjwa wake, na wa Osmund ulikuwa harusi. Pikapu yake ilikuwa inabeba matarumbeta kwenye misafara pale Majengo. Siku moja akatokea jamaa kutoka Mbeya na pikapu iliyoshushwa, tumbo karibu liguse lami, watu wakaacha kumtazama hata bibi harusi. Ya Osmund ikasimama pembeni kama mbuzi wa mnadani. Wenzake wakamcheka. Usingizi ukamruka.

Wiki mbili alikesha na simu, analinganisha seti za kushushia gari. Kuna ya inchi mbili, kuna ya inchi nne. Fundi wake, Muhsini, mtu asiyependa maneno mengi, akamwambia achukue ya inchi mbili, tena afikirie, maana gari la mashamba si gari la maonyesho. Osmund akasema mambo ya nusunusu hayapendi. Haya, sikio la kufa halisikii dawa. Muhsini akapandisha jeki, akafungua springi za mbele akaweka fupi, akabadilisha shokapu, na nyuma akaingiza vipande vya chuma kati ya ekseli na springi. Kisha akachomoa vyuma viwili kwenye springi zenyewe za nyuma, akamkabidhi.

"Hivi uvitunze," akamwonya. "Utavihitaji."

Osmund hakuvitunza. Alivipeleka kwa mhunzi, kimoja kikatoka jembe zuri, zito, akampelekea mama kama zawadi. Kiangazi kilikuwa hakijaisha. Pikapu ilikwaruza kidogo kwenye ule mgongo wa nyasi unaobaki katikati ya njia, lakini ilifika. Mama akapokea jembe, akashukuru, halafu akaizunguka pikapu polepole. Akainama, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki chini yake.

"Mbona limechuchumaa, baba?"

Osmund akacheka, akasema ndiyo mtindo wa mjini. Mama akauliza, je, mvua zikija? Akamjibu ataiinua kabla ya mvua.

Mvua zikaja na harusi za Desemba, na kila msafara ulimtaka Osmund mbele. Akasema baada ya Krismasi. Krismasi ikapita, akasema baada ya mwaka mpya. Jumamosi sasa alikuwa anaacha gari barabara kubwa na kutembea, na honi haikusikika tena kijitoni.

Mwezi wa pili Kunegunda akashikwa na nimonia, akalazwa mjini siku nne, akafariki.

Osmund alimpakia mwenyewe kwenye pikapu ileile, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Dada yake, Leticia, akakaa nyuma na akina mama, mikono yao juu ya jeneza. Walipovuka kijito tu, pikapu ikakaa. Tumbo lilikuwa juu ya ule mgongo wa nyasi, magurudumu yanazunguka kwenye matope bila kushika kitu. Watu wakashuka, wakasukuma, haikusogea. Mtu akakimbilia nyumbani kwa marehemu, akarudi na jembe. Osmund alilijua kabla hajalishika. Akapiga magoti na suti yake, akawa anachimba chini ya gari, anachimba huku analia, na matope yanarudi palepale. Wingu lilikuwa limefunga na katekista anangoja kaburini.

Mjomba wake akamgusa bega. "Inatosha, Osmund. Tutambeba."

Wakakata miti. Osmund akashika mbele, kulia, na hakuruhusu mtu ampokee. Mama hakuanguka hata mara moja. Hakuna aliyemlaumu Osmund, si njiani, si msibani, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Matanga yalipoisha, watu wakatawanyika. Osmund alibaki. Siku tatu alilima ule mgongo wa njia kwa lile jembe, kuanzia kijitoni hadi uani kwa mama, akajaza mawe kwenye mikondo ya matairi. Siku ya tatu, jioni, akawasha pikapu na kuiingiza. Haikukwaruza popote. Ikasimama mlangoni.

Leticia akatoka, akachungulia nyuma, hakuona mzigo. Akamwuliza kaka yake ameleta nini.

"Sijabeba kitu," Osmund akasema. "Nilitaka tu nifike."