Anayefuata

Siku ya kliniki katika zahanati yetu ya Usevya, mwanamke mmoja kutoka Kasansa alinipa kadi ya mtoto. Mgongoni hakubeba mtu.

"Mpandishe kwenye mzani," nikasema bila kuinua macho.

"Alifariki juzi, nesi. Nimerudisha kadi."

"Haya. Weka hapo. Anayefuata."

Alikuwa ameshatoka nje ndipo maneno yangu mwenyewe yaliponifikia. Nikaendelea kupima watoto. Jioni nilisonga ugali, nikala, nikaosha sufuria, nikisubiri nilie. Machozi hayakuja, na hapo ndipo nilipoogopa. Kichwa kilikuwa kikiniuma kwa miezi, usingizi wangu ulikuwa wa vipande vipande, na mlango ukigongwa niliuchukia kabla sijaufungua. Yote hayo niliyaita uchovu, nikameza panadol. Lakini mtu asiyeweza kusema hata pole, huyo sikumjua, na ndiye niliyekuwa naishi naye peke yangu.

Mganga mfawidhi, mkuu wetu pale zahanati, alinipa likizo ya wiki mbili. "Nenda kwenu ukapumzike," alisema. Lakini katika familia yetu nilikuwa nimebaki mimi tu. Nikapanga chumba Majengo, Mpanda mjini, ambako hakuna aniitaye nesi.

Siku tatu za kwanza nililala tu. Ya nne nikaanza kujilazimisha mambo madogo: chai niinywe nikiwa nimekaa, simu ishinde imezimwa, asubuhi nitembee mpaka sokoni hata kama sinunui kitu. Nilijiona mjinga, mtu mzima kujipangia ratiba ya kunywa chai. Siku zilikuwa ndefu. Niliyezungumza naye ni muuza nyanya tu, na mazungumzo yetu yalikuwa nyanya.

Wiki ya pili nilienda kusukwa kwa mama mmoja jirani. Nikaketi kwenye mkeka, kichwa changu kati ya magoti yake. Alinichana taratibu, nami nikatambua kwamba kwa muda mrefu kila mkono ulionigusa ulikuwa unataka dawa. Machozi yakaanza yenyewe.

"Nimekubana sana, dada?"

"Ndiyo," nikadanganya.

"Pole. Basi nalegeza."

Nililia mpaka msuko wa mwisho. Hakuuliza zaidi, alizidi kulegeza tu. Nywele zile hazikumaliza wiki.

Niliporudi Usevya, kabla hata ya kuvaa sare, nilipanda bodaboda hadi Kasansa nikiwa na ile kadi. Nilimkuta yule mama akigeuza mpunga juani. Akaniletea kigoda.

"Pole na msiba, mama," nikasema. "Siku ile sikusema."

"Hukusema," akajibu.

Akageuza mpunga kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu unamkumbuka, nesi? Si ulimpima mara tano?"

Nilitamani sana kusema ndiyo.

"Simkumbuki," nikasema. "Niambie alikuwaje."

Akaketi chini, akaipokea kadi, akaanza na jina lake.