Miti Mitano ya Lango la Zizi

Mwanangu, ipo jioni moja ninayoikumbuka kuliko nyingi, ingawa kwa muda mrefu nilitamani kuisahau. Elimu yangu ni ya darasa la nne, huenda nikakosea kupanga maneno, lakini nitajitahidi nisimwonee mtu yeyote, hata mimi mwenyewe.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, si mbali sana na Kinampanda. Tembe letu jipya, nyumba ya udongo, lilikuwa halijakauka vizuri baba alipopatwa na kiharusi. Alianguka shambani, jembe mkononi. Upande wote wa kulia ukafa ganzi, mdomo ukapinda, maneno yakawa hayatoki. Jirani mmoja alisema karogwa. Simlaumu, ndiye huyohuyo aliyembeba mgongoni hadi zahanati. Mganga wa pale akatuambia, "Mnyoosheni mkono na mguu kila siku, halafu mwacheni ajaribu mwenyewe." La kwanza nililishika. La pili nililiona ni ukatili.

Basi nikawa namlisha, namvalisha, namnyanyua. Jioni ng'ombe wakirudi, nikawa nafunga zizi. Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Kwetu lango la zizi lilikuwa na miti mitano ya kulaza mmoja juu ya mwingine, nayo hulazwa na mwenye boma. Mwanawe huishika kwa mara ya kwanza jioni ya siku ya kumzika baba yake. Nilijua hayo. Nilijiambia namsaidia mzee. Labda pia nilipenda kidogo kuonekana mkubwa. Sina hakika hadi leo. Baba, ameketi mlangoni, alikuwa akigeuza uso kila nilipoinua mti wa kwanza.

Ndipo akaja shangazi, dada mkubwa wa baba, kutoka Shelui. Akanikuta pale langoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Tumemzika nani hapa?"

"Hakuna aliyekufa, shangazi."

"Hakuna? Mbona unafunga zizi la mdogo wangu, na mwenyewe anakutazama?"

Nikasema baba hawezi.

"Ulimuuliza?" Kisha akamgeukia baba. "Na wewe umekaa hapo kama gunia la mtama. Njoo ufunge ng'ombe wako, au niwaswage mpaka Shelui."

Baba akacheka kwa nusu ya mdomo. Tangu augue sikuwa nimemwona akicheka.

Tukamshika kwapani mpaka langoni. Akakamata mti kwa mkono wa kushoto, na shangazi akauweka ule wa kulia juu yake. Mti ukamponyoka. Ndama akachomoka nje. Nikanyoosha mkono niudake, shangazi akanivuta shati. "Mwache." Ukaponyoka tena, na tena. Mara ya nne ukakaa. Baba alikuwa ametota jasho. Akautazama ule mti, akatamka neno moja, kwa shida: "Kesho."

Sisemi kwamba alipona. Lakini kila jioni alikwenda, na kufikia mavuno alikuwa anatembea kwa fimbo na kulaza miti mitatu. Miwili ya juu hakuiweza tena maisha yake yote. Akimaliza yake, alikuwa akininyooshea kidole, nami nikailaza hiyo miwili. Safari hii kwa ruhusa yake.

Mwanangu, ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, msaidie asichokiweza, lakini usimnyang'anye anachokiweza, hata kama anakiweza vibaya na polepole. Muulize kwanza. Kusimama kando huku mtu wako anahangaika ni kazi ngumu. Mimi ilinishinda mpaka nikavutwa shati.

Mungu akujalie mikono yenye nguvu, na subira ya kuizuia. Na siku wewe ukizidiwa, akuletee watu watakaokungoja langoni mpaka umalize. Amina.