Kasoro za Mzee Changawa

Duka zima lilijua kuwa Mzee Changawa hanunui. Alikuwa akitoka kwake Mtongwe asubuhi, anafika Likoni kwenye kiduka cha kompyuta cha Ruwaida, anakalia stuli ya plastiki na kuipima laptopu ile ile ndogo ya bei nafuu. Kwanza aliiweka kiganjani kama anayepima samaki. "Nyepesi mno hii," akasema. "Kitu chepesi hakidumu." Siku nyingine akaitoa juani, akarudi kulalamika kuwa kioo hakionyeshi kitu. Halafu akaichomoa chaji ili aone betri itakufa lini, huku akinywa kahawa ya Ruwaida taratibu. Betri ikakataa kufa, naye akaomba kikombe cha pili.

Pesa alikuwa nazo. Mwanawe Kalama, aliyeko Nairobi, alimtumia ili wawe wanaonana kwa video. Lakini tangu azikwe mkewe, Nyamvula, nyumba ya mzee ilikuwa kimya hata kijiko kikianguka anashtuka. Kwa Ruwaida aliitwa baba, akaulizwa ameamkaje. Sasa akishanunua, atarudi kule kwa kisingizio gani? Upweke ni uvundo, ndugu zangu. Humfanya mtu mzima na akili zake atafute ila kwenye kitu kisicho na ila.

Mwishowe Kalama alichoka kungoja. Akampigia Ruwaida simu, akailipia laptopu mwenyewe. Ruwaida akaitia kwenye begi, akamkabidhi mzee.

"Hongera, baba. Wallahi hii hutaiona kasoro."

Mzee akashukuru kama mtu aliyeachishwa kazi.

Asubuhi yake Kalama akatokea kwenye kioo, kanenepa, kafunga tai.

"Shikamoo, baba. Picha iko sawa?"

"Marahaba. Iko sawa. Umekula, mwanangu?"

"Nitakupigia, baba. Naingia mkutanoni."

Kioo kikawa cheusi, mzee akabaki akijitazama mwenyewe. Akaijaribu mashine yote. Kila herufi ilibonyea, sauti ikasikika, betri haikutikisika. Akaikasirikia kweli kweli.

Mchana akaibeba hadi dukani. Stuli yake ilikuwa imekaliwa na mteja mwingine aliyekuwa akichagua simu.

"Shikamoo, baba. Imeharibika?" Ruwaida akaipokea, akaifunua, nayo ikawaka papo hapo. "Mbona nzima?"

"Nzima," mzee akakiri.

"Basi alhamdulillahi." Akamrudishia, akamgeukia mteja wake.

Mzee akatoka. Hakufika mbali, alisimama kando ya mtaro, begi begani halina uzito wowote, na kurudi nyumbani hakutaki. Akatazama huku na huku, mzee wa watu na mvi zake. Akafungua zipu, akaitoa laptopu, akaiachia juu ya saruji.

Aliporudi ndani, yule mteja alikuwa ameshasimama kulipa.

"Mwanangu, imeniponyoka."

Ruwaida akakitazama kioo kilichopasuka, kisha akamtazama yeye kwa muda.

"Pole, baba. Kioo chake mpaka kiagizwe. Huenda kikachukua wiki mbili, au zaidi."

"Haidhuru," mzee akasema, akiivuta stuli. "Nitakuwa nikija kuuliza. Kila siku nitakuja kuuliza."